Vyelezo vya kuvulia kwa nzi bandia majira ya baridi: kipi kinamwonyesha bluegili anayefyonza na kutema

Maji ya bwawa yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, samaki aitwaye bluegili haachi kula. Anaacha kukimbiza. Hapo ndipo wavuvi wengi wanaovua kwa nzi bandia wanapopoteza siku zao kati ya Desemba na Machi, katika mabwawa ya Kentucky, Tennessee, Missouri na kusini mwa Ohio, ambako barafu haikai muda mrefu na samaki wapo tele chini. Samaki anakuja polepole, anamfyonza nzi, anagundua kuwa si chakula, anamtema. Yote hayo yamekwisha na chelezo kule juu hakijatikisika. Mvuvi anakunja vifaa vyake na kusema leo samaki hawali.

Tathmini hii ni ya kitu hicho kimoja: chelezo, au boya kama wengine wanavyokiita, kinachofungwa kwenye mshipi juu ya nzi bandia. Kinauzwa dola chache, na katika maji ya baridi kina kazi kubwa kuliko fimbo. Tumeangalia aina tano zinazopatikana kwa urahisi katika maduka ya uvuvi ya Marekani. Karibu zote zilibuniwa kwa ajili ya trauti wa mitoni, ambako mkondo unavuta nzi na samaki hana budi kuamua haraka. Bwawani hakuna mkondo, na samaki ana muda wote anaoutaka. Kwa hiyo sifa zilizoandikwa kwenye pakiti hazitoshi kukuongoza.

Kwa asiyewafahamu samaki wenyewe: Wamarekani wana kundi la samaki wadogo watamu wanaowaita samaki wa kikaango, kwa sababu mzima mzima anaenea kwenye kikaango. Bluegili ni bapa, umbo lake linamkumbusha mtu perege, na mdomo wake ni mdogo sana. Krapi, mweusi na mweupe, ana mdomo mpana wenye ngozi nyembamba inayochanika kama karatasi. Pachi wa njano ana mistari ya kusimama ubavuni na ndiye mwenye nguvu zaidi kati yao kwenye baridi. Tunaowazungumzia zaidi hapa ni wawili wa kwanza.

Kabla ya kununua chochote, elewa samaki wako wapi. Maji yana uzito mkubwa kabisa yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo majira ya baridi maji ya juu yanaweza kukaribia kuganda huku ya chini yakibaki na joto kidogo. Samaki husimama katika kina cha mita 2 hadi 5, kwenye ukingo ambapo sakafu inateremka ghafla, kando ya magugu yaliyokufa au matawi yaliyozama. Alasiri ya jua kali baada ya siku mbili tatu tulivu, baadhi yao husogea kwenye ufuko wa kaskazini, ambao ndio unaopigwa na jua la kusini, hasa penye tope jeusi. Chakula chao ni mabuu ya visubi, mengine mekundu kwa sababu yana himoglobini, pamoja na viroboto wa maji. Vyote ni vidogo na havikimbii. Nzi wako anatakiwa aning'inie palepale, katika kina kilekile, kwa muda mrefu. Chombo kinachofanya kazi hiyo ni chelezo.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Nguvu ya kuelea inatokana na ujazo, na ujazo wa mpira unakua kwa mchemraba wa kipenyo chake. Mpira wa nusu inchi una ujazo wa sentimita za ujazo 1.07, yaani unaweza kubeba karibu gramu 1, ukiondoa uzito wake wenyewe. Wa robo tatu ya inchi unabeba karibu gramu 3.6. Wa inchi moja unabeba karibu gramu 8.6, mara nane ya ule wa nusu. Upande wa pili, nzi wa ndoana ndogo ya namba 14 mwenye shanga ya tungsteni, metali nzito, ya milimita 3 ana uzito wa takriban robo gramu. Kwa hiyo hata chelezo kidogo kabisa cha mpira kinambeba mara nne. Ukifunga cha robo tatu, samaki atalazimika kuvuta zaidi ya gramu 3 ili kukizamisha chote, na bluegili wa sentimita 17 katika maji ya nyuzi 5 hana sababu ya kuvuta hivyo. Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni chelezo kikubwa kupita kiasi, na hulifanya kwa sababu kikubwa kinaonekana vizuri na kinarushika vizuri.

Tuanze na Thingamabobber, kiputo cha plastiki chenye hewa ndani na tundu dogo la kufungia. Unapitisha kitanzi cha lida, yaani uzi mwembamba unaounganisha kamba ya kurushia na nzi, kwenye tundu, unakivisha juu ya mpira, unakaza. Hakiingii maji, hakihitaji mafuta, na kikikaa msimu mzima juani hakiharibiki upesi. Kasoro yake inatokana na namna kinavyofungwa: kitanzi kikikazwa huacha kikunjo kwenye lida, na kila ukihamisha kina unaongeza kikunjo kingine. Mtoni haijalishi sana. Bwawani, ambapo unaweza kubadilisha kina mara kumi kabla ya kuwapata samaki, lida inakuwa na viwiko, na kila kiwiko ni ulegevu unaomeza taarifa kabla haijafika juu. Kingine, mpira mzima wa rangi moja unaelea juu juu na ukizunguka huoni. Kama unacho tayari cha nusu inchi, kitumie kwa samaki wa kina kisichozidi mita 2 na usikihamishe hovyo. Kukinunua kwa kazi hii hatushauri.

Air-Lock inatatua tatizo la kikunjo. Ni mpira wa aina hiyohiyo, lakini una kishina chenye mfereji na nati ndogo: unalaza lida kwenye mfereji, unafunga nati, basi. Kulegeza, kusogeza na kukaza huchukua sekunde tano kwa vidole vyenye joto. Kwa vidole vilivyokufa ganzi ni habari nyingine. Nati ni ndogo, na ikikuponyoka mkononi imekwenda. Anayeichagua anunue nati za akiba au aifanye kazi ya kubadilisha kina akiwa ameinama juu ya mfuko uliofunguliwa. Usikaze mno vilevile. Lida nyembamba ya milimita 0.18 ikibanwa kwa nguvu kwenye ukingo wa plastiki hupata jeraha, na samaki mzuri ndiye atakayekuonyesha mahali pa jeraha hilo.

Oros ni mpira wa povu gumu wenye mfereji, na skrubu ya plastiki katikati inayoubana mshipi. Faida yake kubwa ni kwamba lida inapita katikati ya mpira badala ya kuning'inia ubavuni. Chelezo hakiwi kiwiko. Kiko kwenye mstari uleule na mshipi, na unaporusha hakizunguki sana hewani. Uso wa kushika ni mkubwa kuliko nati ya Air-Lock, kwa hiyo hata mwenye glavu zilizokatwa vidole anaweza kuisokota. Ukubwa mdogo kabisa ndio unaohitajika hapa. Ule wa kati na mkubwa waachie watu wa mito. Ikiwa umepata wa rangi moja, chukua kalamu ya wino usiofutika, upake nusu ya mpira rangi nyeusi, mpaka wa rangi ukiwa mlalo usawa wa maji. Dakika moja ya kazi hiyo inabadilisha kifaa kizima, na sababu yake ni krapi.

Krapi hula akipanda. Macho yake yanatazama juu, na nzi aliye chini yake mara nyingi hamshughulishi kabisa. Akimchukua, huendelea kupanda naye sentimita chache. Uzito wa nzi unatoweka kwenye mshipi. Mvuvi anayesubiri chelezo kizame hataona kitu, kwa sababu kimepunguziwa mzigo. Mpira wa rangi moja utakaa vilevile. Mpira wa rangi mbili utageuka: mpaka wa rangi uliokuwa mlalo utainama. Hapo ndipo pa kunyanyua fimbo. Chelezo kirefu chembamba kinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi, maana kinalala ubavu kabisa, na wavuvi wa Ulaya wanaovua kwa chambo wameijua siri hiyo miaka mingi.

Aina ya nne ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa bluegili: chelezo cha sufi, kinachojulikana kwa jina la New Zealand Strike Indicator. Pakiti ina sufi ya kondoo iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, vipande vya mrija mwembamba sana wa plastiki, na kijiti chenye ndoana ndogo. Ufungaji ni huu. Vika kipande cha mrija cha milimita 4 hivi kwenye kijiti. Shika lida kwa ndoana ya kijiti mahali unapotaka chelezo kikae, kisha sogeza mrija kutoka kwenye kijiti hadi kwenye lida. Kitatokea kitanzi kidogo upande wa pili. Chomeka fungu la sufi ndani ya kitanzi, unene wake kama kijiti cha kiberiti, hata pungufu. Vuta lida pande zote mbili ili kitanzi kiibane sufi, halafu sukuma mrija upande juu ya shina la sufi. Chambua sufi kwa kucha iwe kama ua, kata ncha kwa mkasi ibaki ya sentimita 1 au pungufu.

Utakachopata ni kitu kisicho na uzito wa maana, kinachotua juu ya maji bila kelele, na kinachozama kwa mvuto mdogo mno. Bluegili akifyonza, sufi inaingia chini kidogo kama mtu aliyeivuta kwa uzi wa nywele, au inateleza sentimita 2 kando. Ni ishara unazoweza kuzisoma bila kukisia. Na kwa kuwa unaikata mwenyewe, unaweza kulinganisha sufi na nzi: rusha karibu, tazama, punguza kwa mkasi mpaka nzi akikaribia kuizamisha, kisha acha hapo. Mpira hauwezi kukupa hilo.

Lakini sufi ina mipaka, na muuzaji hatakutajia. Kwanza, inabeba nzi mwenye shanga ya milimita 2.4 hadi 3 bila shida. Ukifunga nzi wawili wazito inazama yenyewe. Pili, upepo ukileta mawimbi ya sentimita 10, huioni ikipita mita 12. Tatu, baada ya samaki wanne watano inalowa. Ibane kwa kitambaa kikavu, ipake mafuta ya kuelea kidogo, ichambue tena. Na hewa ikiwa chini ya sifuri, sufi iliyolowa hugeuka kidonge cha barafu ikikaa nje ya maji hata dakika moja. Itumbukize bwawani iyeyuke, usiivunje kwa meno wala kucha maana utachana mrija. Kijiti cha kufungia nacho kinadai vidole vyepesi, hivyo funga chelezo nyumbani au ndani ya gari. Kusogeza juu na chini baadaye ni rahisi: shika mrija, sogeza.

Aina ya tano ni chelezo cha kufyatuka, kwa maji ya kina. Tatizo linalokusudiwa ni la wazi. Fimbo ya kawaida ina mita 2.7. Samaki wakiwa mita 4 chini, chelezo kitafika kwenye ncha ya fimbo huku samaki bado ananing'inia mita 4 chini yake, na mkono wako hauwezi kumfikia. Kwenye ufuko unaweza kurudi nyuma hatua kadhaa. Kwenye gati au mtumbwi huna pa kurudi. Chelezo cha kufyatuka kina tundu katikati na kigingi. Unapitisha lida, unaacha kitanzi kidogo kichomoze, unakibana kwa kigingi. Ukinyanyua fimbo samaki akiwa amenasa, kitanzi kinanyooka na kuchomoka, na chelezo kinateremka kwenye mshipi hadi kinapozuiwa na kizungushi kidogo ulichofunga nusu mita juu ya nzi.

Kwa trauti wa maziwa ni kifaa kizuri mno. Kwa samaki wa kikaango kina utata. Ili kifyatuke kinataka mshtuo mkali kiasi, na mdomo wa krapi hautaki mshtuo mkali; utauchana na kubaki na nzi mtupu. Ukinyanyua polepole kama inavyopaswa, wakati mwingine kitanzi hakichomoki, nawe umerudi kwenye tatizo la mwanzo. Dawa ni kitanzi kidogo sana, kisizidi milimita 5, na kigingi kilichosukumwa kwa wepesi, kiasi kwamba ukivuta kwa vidole viwili kinaachia. Kijaribu mara tatu ukiwa nchi kavu. Kikiachia chenyewe wakati wa kurusha, umekilegeza mno. Tunakipa nafasi kwenye boksi kwa kina cha zaidi ya mita 3 tu.

Wapo wanaouliza kwa nini tusitumie boya la kuteleza lenye fundo la kizuizi, la wavuvi wa chambo. Linataka uzito wa chini usiopungua gramu 0.9 hivi ili kuvuta lida kupitia tundu lake. Nzi wa robo gramu hawezi. Atabaki juu kando ya boya.

Vibandiko vya povu vya kukunja na kubana, kama vile vya Palsa, tumeviacha nje ya hesabu. Gundi haishiki vizuri kwenye lida baridi iliyolowa, kikishatumika hakirudiwi, na vingi huishia ufukoni kama takataka.

Chelezo kizuri juu ya mshipi mbaya hakina msaada, kwa hiyo haya yanayofuata ni sehemu ya tathmini. Lida za kawaida huanza nene na kuishia nyembamba. Ukifunga chelezo juu kwenye sehemu nene, ile sehemu nene iliyo chini yake inazama taratibu na kulala kwa upinde, na nzi hayupo pale unapodhani. Chini ya chelezo weka uzi wa unene mmoja tu: florokaboni, aina ya uzi wa plastiki, ya unene wa 5X, yaani milimita 0.15. Florokaboni ina uzito wa karibu mara 1.78 ya maji, nailoni ni mara 1.14 tu, hivyo ya kwanza inanyooka chini ya chelezo kwa haraka. Juu ya chelezo inatosha mita moja na nusu ya nailoni nene kiasi. Vuta nailoni kwa viganja kabla ya kuanza. Baridi huifanya ikumbuke mzingo wa rili na kubaki na misokoto kama chemchemi. Kamba ya kurushia nayo iwe ya maji baridi. Zile zilizotengenezwa kwa bahari za joto hukakamaa kama waya na kusukuma chelezo kila zinapojikunja.

Nzi watatu wanatosha. Wa kwanza ni buu la kisubi jekundu, namba 14 au 16, kwenye ndoana ya jigi, iliyopinda karibu na tundu lake. Wa pili ni mweusi au kahawia mwenye mkia mfupi wa manyoya laini ya bata mzinga, namba 12. Wa tatu ni wa kusawazishwa, yaani shanga ya tungsteni imewekwa kwenye pini inayotokeza mbele ya tundu la ndoana ili nzi alale mlalo akining'inia. Mtindo huu ulitokana na uvuvi wa trauti wa maziwa, na krapi wanaupenda kwa sababu unafanana na kisamaki kilichosimama. Kwa wawili wa mwisho funga fundo la kitanzi lisiloteleza. Ukifunga fundo la kukaza, baada ya kila samaki lisogeze likae juu ya tundu, la sivyo nzi atainamisha kichwa.

Kupima kina kunafanywa hivi kwenye gati au mtumbwi: bana nzi kwa koleo la kutolea ndoana, teremsha hadi koleo liguse chini, sogeza chelezo hadi kikae usawa wa maji, kisha kishushe sentimita 30 karibu na nzi. Hapo nzi ataning'inia sentimita 30 juu ya tope. Kutoka ufukoni, rusha na utazame. Chelezo kikilala au nzi akirudi na uchafu, punguza sentimita 20 na urudie. Dakika 10 bila dalili, pandisha nzi nusu mita. Kukosea kwa kumweka juu ya samaki kunasameheka, chini yake hapana.

Kwa vyelezo vya mpira kuna hila inayostahili kutajwa. Ongeza chubwi ndogo ya bati ya gramu 0.2 hivi, sentimita 30 juu ya nzi. Inaufanya mpira ukae chini zaidi majini, na nguvu anayohitaji samaki kuusogeza inapungua. Tumia bati au tungsteni, epuka risasi. New Hampshire, Vermont, Maine na majimbo mengine ya kaskazini mashariki yameweka vizuizi kwa chubwi ndogo za risasi kwa sababu ndege wa maziwa humeza na kufa.

Urushaji uwe wa mzunguko mpana na wa polepole, kurudisha nyuma mara moja tu. Mvuvi anayepeperusha mara nne kama kiangazi atapata fundo la nzi, chelezo na matawi. Kikitua, hesabu hadi 20 nzi ateremke. Kaza ulegevu wa kamba. Halafu acha. Kila nusu dakika vuta sentimita 10 kwa mkono, nzi ataruka juu kidogo na kurudi. Samaki mara nyingi huchukua anaporudi. Kukiwa na mawimbi madogo hata hilo usifanye, mawimbi yanakuchezea nzi bure. Ukiona lolote, kutetema, kuinama, kusimama ghafla wakati upepo ulikuwa unakisukuma, nyanyua kiwiko cha mkono taratibu.

Barafu ikijaa kwenye pete za fimbo, izamishe ncha majini na usubiri iyeyuke. Kuivunja kwa vidole huvunja pete. Uvuvi wa chelezo una nafuu hapa, kwa sababu huvuti kamba mfululizo na maji hayapandi kwenye pete kila wakati. Hewa ikiwa chini ya sifuri na unataka kumwachia samaki, mtolee ndoana akiwa ndani ya maji, maana macho na matamvua yake hugandishwa na hewa kwa haraka. Vaa jaketi la kuokolea hata kwenye gati fupi. Maji ya nyuzi 4 humnyima mtu pumzi mara tu anapotumbukia. Leseni na idadi ya samaki unaoruhusiwa hutofautiana kwa jimbo na wakati mwingine kwa bwawa, hivyo soma kanuni za mwaka husika.

Kwa hiyo, anayekwenda dukani anunue hivi: pakiti moja ya sufi pamoja na kijiti chake, na pakiti moja ya Oros ya ukubwa mdogo kabisa. Sufi kwa siku tulivu, bluegili, na kina cha hadi mita 3. Oros iliyopakwa rangi nusu kwa siku ya upepo, kwa krapi, na kwa nzi mzito wa kusawazishwa. Chelezo cha kufyatuka nunua kimoja baadaye, ukishajua bwawa lako lina samaki chini ya mita 3. Kuhusu rangi, usifuate ile inayong'aa dukani: chini ya anga la mawingu, maji yakiwa ya kijivu yenye mng'ao, sufi nyeusi inaonekana kuliko ya machungwa, kwenye kivuli cha miti ni kinyume. Nunua zote mbili. Pakiti moja ya sufi hutosha msimu mzima na zaidi, ila mirija midogo hupotea upesi, kwa hiyo kata vipande 10 mapema na uviweke kwenye kijichupa chenye kifuniko.